Mawakala wanne wana wasifu wangu, lakini kazi sijapata

Barua

Wapendwa washauri,

Mimi ni mhasibu mwenye uzoefu wa miaka saba, sehemu kubwa nikiwa kwenye hesabu za kiwanda. Mkataba wangu ulikwisha mapema mwaka huu na haukuongezwa. Nikajiandikisha kwa mawakala wa ajira wanne, nikiamini kwamba wakiwa wengi wanaonitafutia, kazi itapatikana haraka. Imekuwa kinyume.

Wa kwanza alinipigia siku ile ile, akasema mimi ndiye hasa anayetafutwa, akataka wasifu wangu kwa Word, si PDF. Nikamtumia usiku huo. Hajanitafuta tena, na ujumbe wangu anausoma bila kujibu. Wa pili na wa tatu, kila mmoja kivyake, walipeleka wasifu wangu kwenye kampuni moja. Nilijua pale wa tatu aliponipigia kwa hasira, akaniambia kampuni imenitoa kwenye orodha kwa sababu jina langu limeingia mara mbili. Wa pili hakuwahi kunitajia kampuni hiyo. Huyo wa tatu sasa kila akipiga simu anataka kujua nimeomba wapi kwingine na mshahara wangu wa mwisho ulikuwa kiasi gani. Wa nne anasema hawezi kunianzia chochote mpaka nilipe ada ya kufungua faili, na tayari nimeshampa nakala ya pasipoti.

Nauliza: hawa watu wanamfanyia kazi nani? Nikikaa kimya wananisahau, nikipiga simu naonekana msumbufu. Mshahara niseme au nifiche? Na huyu wa ada nimlipe?

Mhasibu Anayesubiri

Jibu

Pole sana, dada. Hatuoni popote kwenye barua yako kwamba una upungufu wa sifa. Mambo yote uliyokutana nayo yanatokana na jinsi wakala anavyolipwa, na hilo ndilo mawakala hawalielezi kwa sababu hakuna anayewauliza. Tuanze hapo, ndipo majibu mengine yatakaa sawa.

Anayemlipa wakala ni mwajiri. Mfumo ulioenea zaidi ni wa kulipwa baada ya kufanikisha: wakala hapati kitu mpaka mtu aliyempeleka aajiriwe, na hapo hupewa asilimia ya mshahara wa mwaka wa kwanza, mara nyingi kati ya 15 na 25. Nafasi moja inaweza kuwa mikononi mwa mawakala watatu kwa wakati mmoja, huku idara ya rasilimali watu ya kampuni nayo ikitafuta yenyewe. Anayewahi na mtu sahihi ndiye anayelipwa, wengine wametoka jasho bure. Kwa nafasi za juu, kama mkuu wa idara ya fedha, kampuni huchagua wakala mmoja tu na kumlipa kwa mafungu, fungu la kwanza kabla hajaanza, na jumla yake hukaribia theluthi ya mshahara wa mwaka. Kuna pia wakala wa kazi za muda, ambaye mara nyingi ndiye mwajiri wako kwenye karatasi: anakulipa yeye, kisha anamtoza mteja kwa saa kiwango kilichozidi chako. Na kuna afisa ajira wa kampuni yenyewe, ambaye watu humwita wakala ingawa ni mfanyakazi wa mshahara kama wengine na hana asilimia yoyote.

Kwa maelezo yako, hao watatu wa kwanza ni wa kulipwa baada ya kufanikisha. Mfikirie kama dalali wa nyumba: ana nyumba za kuuza mkononi, na wewe ni mmoja wa wanaoweza kuziba mahitaji ya mteja wake. Anaanzia kwenye nafasi aliyonayo leo, ndipo anatafuta mtu wa kuijaza. Hazunguki na jina lako mlango kwa mlango akikutafutia. Kwa hiyo ukikaa miezi ukisubiri wakala akutafutie kazi, unasubiri huduma ambayo hakuna mtu anayemlipa aitoe.

Hapo ndipo kimya cha yule wa kwanza kinapoeleweka. Alikuwa na nafasi moto asubuhi ile. Huenda kampuni ilimpandisha mtu wa ndani, au bajeti ilisimamishwa, au wakala mwingine alitangulia. Huenda pia hakukuwa na nafasi: baadhi ya mawakala hukusanya wasifu nzuri tatu nne ili wakamwonyeshe mteja wasiyempata bado kwamba wana watu. Nafasi ikishakufa, kila dakika anayokupa haimletei kitu, naye ananyamaza. Ni utovu wa adabu, tunakubaliana, lakini usiusome kama hukumu juu yako.

Dawa yake iko kwenye simu ya kwanza, wakati bado anakuhitaji. Kabla hujamtumia chochote, muulize: nafasi hii imeidhinishwa, au mnakusanya majina? Mmewahi kuiletea kampuni hii mtu akaajiriwa? Nani ataamua, na umezungumza naye mwenyewe au umepewa tangazo tu? Nafasi ina muda gani wazi, na aliyekuwepo aliondoka kwa nini? Mshahara ulioidhinishwa unaanzia wapi na kuishia wapi? Usaili una hatua ngapi? Wakala aliyezungumza na meneja anayeajiri atajibu mengi kati ya haya papo hapo, tena atakwambia na meneja huyo anachukizwa na nini. Anayesema "nitakurudia" kwa kila swali ana tangazo lile lile unaloweza kulisoma mwenyewe. Huyo usimpe haki ya kukupeleka, kwa sababu akishakupeleka amekufungia mlango wa kwenda na mwenye uhusiano wa kweli, au kwenda wewe mwenyewe.

Hili linatuleta kwenye jambo lililokuumiza zaidi, la wasifu kuingia mara mbili, na tungependa ulielewe vizuri maana linawaangusha watu wazuri kila siku.

Kampuni ikipokea jina lako kutoka kwa wakala, mkataba wao kwa kawaida unasema kwamba ikikuajiri ndani ya kipindi fulani, mara nyingi miezi 6 hadi 12, wakala huyo ana haki ya kulipwa. Jina likija tena kwa wakala mwingine, kampuni inajikuta na watu wawili wanaoweza kudai asilimia ile ile kwa mtu mmoja. Kampuni nyingine huangalia nani alitangulia kwenye mfumo wao wa kupokea maombi. Nyingine huuliza nani ana ruhusa ya maandishi ya mwombaji. Na nyingine, hasa zikiwa na waombaji wengine wenye sifa zinazokaribiana, humtoa anayebishaniwa na kuendelea na kazi zao. Wewe ulitolewa kwa njia hiyo ya tatu. Na wakala wa pili alikosa vibaya kukupeleka bila kukutajia jina la kampuni.

Kuanzia leo, wasifu wako usiende kokote bila mambo mawili: wewe kujua jina la kampuni, na ruhusa yako kwa barua pepe, kwa nafasi moja kwa wakati mmoja. Ukimtumia wakala yeyote wasifu, weka juu yake maneno kama haya:

"Nakutumia wasifu wangu kwa mazungumzo yetu tu. Tafadhali usiupeleke kwa mwajiri yeyote kabla hujanitajia jina la kampuni na cheo, na kabla sijakujibu kwa maandishi kwamba nakubali."

Akikupigia na nafasi na ukaridhika, jibu lako liwe la mistari miwili: "Nakubali unipeleke kwenye kampuni fulani, nafasi ya mhasibu mwandamizi, kuanzia tarehe ya leo. Ruhusa hii ni ya nafasi hii pekee." Tarehe hiyo ndiyo kinga yako siku mzozo ukitokea.

Wakati mwingine utaambiwa jina la kampuni ni siri. Inawezekana kweli, kwa mfano kampuni inataka kumbadilisha mtu ambaye bado yuko kazini na hajui. Katika mazungumzo ya mwanzo unaweza kuvumilia usiri huo. Ila dakika ya kupeleka wasifu ikifika, lazima utajiwe, hata kwa mdomo kwanza, kisha wewe uandike. Akikataa hata hapo, kataa nawe.

Sambamba na hilo, fungua jedwali kwenye Excel au hata daftari. Safu zake: kampuni, cheo, nani amepeleka (wakala gani, au wewe mwenyewe), tarehe, toleo la wasifu lililotumika, mshahara uliotajwa, na jibu la mwisho. Safu ya mshahara watu huisahau, halafu kwenye usaili wa pili wanataja kiasi tofauti na alichokisema wakala. Ingiza humo pia kila kampuni uliyoomba mwenyewe mtandaoni, hata zamani kidogo, maana jina lako linaweza kuwa bado liko kwenye mfumo wao na wakala hatapata kitu kwa kukupeleka. Mwambie hilo mapema, atakushukuru.

Na ile kampuni iliyokutoa? Jaribu mara moja. Mwandikie wa rasilimali watu barua pepe fupi: jina lako lilipelekwa na mawakala wawili, mmoja bila ruhusa yako, unayemtambua kuwa mwakilishi wako ni fulani, na barua ya ruhusa umeiambatanisha kama unayo. Usimlaumu mtu, usieleze hasira. Mjulishe na huyo wakala wa tatu kabla hujaituma. Kampuni inaweza isibadili uamuzi, lakini jina lako halitabaki na doa la mtu asiyejua wasifu wake unakwenda wapi.

Tuje kwenye wasifu wa Word. Ombi hilo ni la kawaida. Wakala huondoa simu na barua pepe yako ili mteja asikupigie moja kwa moja na kumruka, kisha huuweka kwenye karatasi yenye nembo yake. Tatizo ni kinachotokea katikati. Kuna anayebadili cheo ili kifanane na tangazo, kuna anayeongeza mfumo wa kompyuta ambao hujawahi kuugusa, na wewe unaenda kuulizwa juu yake mbele ya watu watatu. Omba nakala ya mwisho kabla haijatumwa, na uikague kwa vitu vinne: vyeo, tarehe za kuanza na kumaliza, vyeti, na mifumo. Kukiwa na kosa, mtake alirekebishe na akuonyeshe tena.

Wakati huo huo mpe kitu cha kufanyia kazi. Wakala husoma wasifu kwa sekunde chache, tena mara nyingi anatafuta kwa maneno ndani ya hifadhi yake: "kiwanda", "gharama za uzalishaji", "SAP" (programu ya hesabu za kampuni), "IFRS" (viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha). Kama wasifu wako unasema "nilihusika na kazi mbalimbali za uhasibu", hutatokea hata siku moja. Andika majina kamili ya mifumo uliyotumia. Andika ukubwa wa kazi: ankara ngapi kwa mwezi, akaunti ngapi za benki ulizosuluhisha, kampuni tanzu ngapi. Sentensi kama "Nilifunga hesabu za mwezi ndani ya siku 5 za kazi kwa kampuni tanzu tatu, na kuongoza hesabu ya bidhaa ghalani kila robo mwaka" inampa wakala maneno ya kumwambia mteja kwenye simu bila kubuni.

Ujumbe unaoambatana na wasifu nao uwe mfupi. Kwa mtu kama wewe, huu unatosha:

"Mhasibu wa viwanda, miaka 7. Gharama za uzalishaji, ufungaji wa hesabu za mwezi, maandalizi ya ukaguzi. SAP na Excel ya kiwango cha juu. Niko tayari kuanza mara moja. Natafuta nafasi ya mhasibu mwandamizi, ya kudumu au mkataba usiopungua miezi 12. Niko tayari kuhama mji."

Badilisha kulingana na ukweli wako. Anayesoma hayo anajua ndani ya dakika moja kama ana nafasi yako au hana, na ukimwandikia tena mwezi ujao atakukumbuka kama yule wa viwanda.

Kuhusu mshahara, tazama hesabu hii. Tuseme mshahara wa mwaka ni 100 na asilimia ya wakala ni 20, yaani anapata 20. Ukikaza mpaka ufike 105, yeye anapata 21. Ameongeza 1, lakini kwa ajili ya hiyo 1 amehatarisha 20 nzima, maana mwajiri anaweza kugoma na kumchukua mtu wa wakala mwingine. Kwako 5 hiyo ni ya kila mwaka utakaokaa hapo. Ndiyo sababu wakala atakusukuma ukubali karibu na ofa ya kwanza, hata akiwa mtu mwema. Anasaidia sana kukwambia kiwango cha soko na jinsi mteja alivyo mgumu au mlegevu, lakini kiasi cha mwisho uamue mwenyewe.

Usimtajie "kiwango cha chini kabisa ninachoweza kukubali". Ukikitaja, hicho ndicho kitakuwa mshahara wako. Taja masafa, yaani kutoka kiasi fulani hadi kingine, yanayoanzia mahali utakapofurahi kusaini, na useme wazi kama ni kabla ya makato. Ongeza swali: mbali na mshahara kuna nini, bima ya afya, bonasi, usafiri, mchango wa pensheni? Ofa mbili zenye mshahara sawa zinaweza kutofautiana sana hapo.

Mshahara wako wa mwisho si lazima uutangulize. Jibu la heshima ni: "Ningependa tuanze na masafa yaliyoidhinishwa kwa nafasi hii, natafuta kati ya kiasi hiki na hiki." Sehemu nyingine sheria imeshawazuia waajiri kuuliza historia ya mshahara; California ilifanya hivyo mwaka 2018, na Maelekezo ya Umoja wa Ulaya namba 2023/970 yanaelekea huko huko, pamoja na kumtaka mwajiri aseme mshahara wa kuanzia kabla ya usaili. Unakoishi sheria inaweza kuwa kimya, na wakala anaweza kung'ang'ania. Ukiamua kusema, sema kweli, kwa sababu hati ya mshahara inaweza kuombwa baadaye na ofa ikafutwa kwa uongo mdogo. Kisha eleza kwa nini kiasi hicho si kipimo: majukumu yalikuwa mengine, au mkataba ulikuwa wa zamani.

Swali la "umeomba wapi kwingine" lina sura mbili, na wakala wako wa tatu huenda ana zote. Sura ya kwanza ni halali: anataka kujua kama utachukuliwa na mwingine kabla mteja wake hajaamua, ili amharakishe. Kwa hiyo mpe hatua uliyofikia bila majina: "Nina usaili wa pili kwenye kampuni moja ya uzalishaji, jibu nalitarajia ndani ya wiki mbili." Hilo linakusaidia hata wewe. Sura ya pili ni uwindaji. Ukimtajia kampuni inayoajiri wahasibu, dakika kumi baadaye anampigia meneja wa huko kuomba ampelekee watu, nao watakuwa wapinzani wako. Akisema anahitaji majina ili asikupeleke mara mbili kwenye kampuni moja, mgeuzie: "Nitajie wewe kampuni unayotaka kunipeleka, nami nitakwambia kama nimeshafika huko." Hoja yake inakuwa imekwisha.

Majina ya wadhamini yana hatari hiyo hiyo. Meneja wako wa zamani ni mtu anayeajiri, na kwa wakala mtu anayeajiri ni mteja mtarajiwa. Yatoe baada ya usaili, mwajiri anapokaribia kutoa ofa, na uwape wadhamini taarifa kwanza. Mbali na kulinda nafasi yako, unawaepusha na simu tano za watu wasiowajua.

Umeuliza kuhusu usumbufu. Simu isiyo na jambo jipya inasumbua, na yenye jambo jipya inapokelewa. Akishakupeleka kwa mteja, muulize baada ya siku tatu za kazi kama wasifu umepokelewa, kisha mara moja kwa wiki, kwa ujumbe mfupi unaotaja nafasi kwa jina. Ukiandika mara mbili ndani ya wiki mbili bila jibu, weka alama ya kufungwa kwenye jedwali lako na usonge mbele. Ukiwa huna nafasi inayoendelea, ujumbe mmoja kwa mwezi unatosha, uwe na habari: umemaliza mtihani wa bodi, umeanza kutumia mfumo mpya, sasa unakubali na kazi za muda.

Siku ya usaili ni tofauti kabisa. Siku moja kabla, mpigie wakala umuulize nani watakuwepo, watauliza nini zaidi, na waombaji waliotangulia waliangushwa na nini. Hilo la mwisho anaweza kulijua yeye peke yake, na lina thamani kuliko ushauri wote wa mavazi. Ukitoka, mpigie ndani ya saa moja au mbili. Mwambie unachokipenda kwenye nafasi, swali ulilohisi hukulijibu vizuri na jibu ambalo ungetoa, na kama bado unaitaka kazi. Mwajiri atampigia siku hiyo hiyo au kesho yake, na wakala mwenye maneno yako mkononi anaweza kulifunika lile pengo kabla halijawa sababu ya kukukataa. Watu wengi huenda nyumbani kulala, kisha wanamlaumu wakala kwamba hakuwatetea.

Idadi ya mawakala ipunguze. Wawili au watatu wanaoshughulika na uhasibu na fedha wanakutosha. Watafute kwa kuangalia nani anatangaza nafasi za fani yako mara kwa mara kwenye LinkedIn, au waulize wahasibu wenzako nani aliwafikisha hadi kwenye mkataba. Na nusu ya muda wako, kama si zaidi, uende kwenye maombi ya moja kwa moja, kwa kampuni ambazo hakuna wakala aliyekupeleka. Ukiajiriwa kwa njia hiyo kampuni hailipi asilimia ya mtu yeyote, na baadhi ya wenye bajeti ndogo hulipenda hilo.

Ofa ikija, usikubali kuharakishwa na "wanataka jibu leo". Omba siku mbili za kazi na mkataba kwa maandishi. Ukishakuwa kazini tena na unahama, usiandike barua ya kuacha kazi kabla pande zote mbili hazijasaini. Ukikubali, wakala atakuwa anakupigia miezi ya mwanzo. Mara nyingi amempa mwajiri dhamana, kwa kawaida ya miezi mitatu hivi: ukiondoka ndani ya muda huo, analeta mtu mwingine bure au anarudisha sehemu ya fedha. Itumie hali hiyo. Kama majukumu uliyokuta siyo uliyoahidiwa, mwambie mapema, kwa sababu hapo ana sababu nzito ya kwenda kuzungumza na mwajiri kwa niaba yako.

Limebaki la wakala wa nne. Usimlipe. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, katika kifungu cha 7 unakataza mawakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi ada au gharama, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Mkataba huo unaruhusu nchi kuweka vighairi vichache, na si kila nchi imeuridhia, kwa hiyo uliza wizara inayoshughulikia kazi unakoishi kama wakala huyu ana leseni na sheria inasemaje kuhusu ada. Lakini hata bila kuuliza, tayari umejua wakala wa kweli analipwa na nani. Anayeanza kwa kukutoza wewe amepata faida yake hata usipoajiriwa kamwe. Ada hiyo hubadilishwa jina ukikataa: faili, mafunzo ya lazima, kipimo cha afya kwenye kliniki wanayoitaja wao, sare. Ukilipa ya kwanza, ya pili iko njiani.

Nakala ya pasipoti haikuwa na kazi yoyote katika hatua hii. Kitambulisho, namba ya akaunti ya benki na namba ya kodi hutolewa kwa mwajiri baada ya mkataba kusainiwa, au kwa wakala wa kazi za muda anayekuajiri yeye, na vyeti halisi havikai kwa wakala hata kwa siku moja. Mwandikie leo, kwa barua pepe ili ubaki na ushahidi: "Sitaendelea na usajili. Naomba ufute wasifu wangu na nakala ya pasipoti yangu, na unithibitishie kwa maandishi kwamba umefuta." Nchi zenye sheria ya kulinda taarifa binafsi zina mamlaka unayoweza kuiandikia asipojibu. Kisha kwa miezi michache ijayo angalia taarifa za akaunti zako za benki na za simu, na ukipigiwa kuhusu mkopo au laini ambayo hukuiomba, ripoti siku hiyo hiyo polisi na kwenye taasisi husika, ukiwa na barua hiyo mkononi.